K562 inajibu swali gani, na swali gani inalikwepa

Swali: Shikamoo Daktari. Ninasoma shahada ya uzamili katika baiolojia ya molekuli. Msimamizi wangu amenipa seli za K562 nipime kama kiambata nilichokitoa kwenye majani ya mmea kinaongeza hemoglobini ya kijusi, ile ya mtoto aliye tumboni, kwa matumaini kwamba siku moja kitawafaa wagonjwa wa selimundu. Nikiziwekea seli hemini, kemikali yenye chuma, kama kipimo cha kulinganishia, baadhi hupata rangi inayoonyesha hemoglobini na nyingi hazipati. Halafu mwenzangu wa maabara ananiambia kwamba hizi ni seli za leukemia, yaani saratani ya damu, kwa hiyo chochote nitakachokiona humo hakihusiani na damu ya mtu. Je, ninapoteza muda?

Jibu: Marahaba. Hupotezi muda, ila mwenzako naye hajakosea sana. K562 hujibu vizuri swali moja na kupotosha swali la jirani yake, na kwa bahati mbaya hilo la jirani ndilo uliloandika kwenye pendekezo lako la utafiti.

Tuanze na sababu ya watu kukimbilia saratani ili wajifunze damu yenye afya. Uboho wa mtu mzima hutoa chembe nyekundu kama milioni 2 kila sekunde. Ungedhani kitu kinachotengenezwa kwa wingi namna hiyo ni rahisi kukichunguza. Sivyo. Chembe unayoivuta kwa sindano mkononi imeshamaliza kazi yote inayokuvutia wewe: kiini imekitupa, jeni za kusoma haina, protini mpya haitengenezi, inazunguka tu na oksijeni kwa siku kama 120 hadi izeeke. Ukitaka kuona hemoglobini inavyoanza, inabidi uwapate wazazi wa chembe hiyo, zile seli zenye kiini zilizojificha ndani ya uboho. Huko zimechanganyika za kila rika, kila hatua ina chache, na ukizitoa nje zinakomaa au kufa ndani ya wiki chache. Jaribio la leo huwezi kulirudia mwezi ujao kwa seli zile zile.

Seli ya leukemia ni seli ya damu iliyokwama ikiwa changa na kuendelea kugawanyika bila kukomaa. Mfikirie mwanafunzi aliyekomea darasa la nne lakini kila mwaka yumo darasani: masomo ya nyuma anayo, ya mbele hana. Ukipata leukemia iliyokwama kwenye njia ya chembe nyekundu, unapata seli za karibu rika moja, kwa mamilioni, kila siku, bila kumchoma mtu sindano. Kizazi cha seli kama hizo, kilichotokana na mgonjwa mmoja au mnyama mmoja na kikakubali kuishi chupani bila kikomo, nitakiita hapa ukoo wa seli.

Ukoo uliofungua njia haukuwa wa binadamu. Mwaka 1957 Charlotte Friend, akiwa katika taasisi ya saratani ya Sloan-Kettering huko New York, alieleza kirusi kinachosababisha leukemia kwa panya. Seli zilizotokana na panya hao zikaja kuitwa MEL. Mwaka 1971, akiwa na wenzake katika chuo cha udaktari cha Mount Sinai, alichapisha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: ukiziwekea seli hizo dimethili salfoksidi, yaani DMSO, kiyeyusho cha kawaida kabisa cha maabara, kwa kiwango cha kama asilimia 2, baada ya siku nne au tano nyingi zinakuwa zimejaa hemoglobini. Mashapo ya seli chini ya neli, yaliyokuwa meupe, yanageuka mekundu. Zaidi ya rangi, seli zinaacha kugawanyika. Saratani imeshawishiwa kurudi kazini kwake bila kuuawa.

Sababu ya kukwama kwa seli hizo ilijulikana baadaye, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu ya habari yote. Kirusi cha Friend kina protini iitwayo gp55 inayong'ang'ania kipokezi cha erithropoietini, ile homoni ya figo inayouambia uboho utengeneze chembe nyekundu. Kipokezi kikishikwa hivyo hudhani homoni ipo, na seli huongezeka bila kuagizwa. Kisha kirusi kinajipachika karibu na jeni ya PU.1 na kuiwasha kupita kiasi. Katika seli hizi PU.1 huikamata GATA1, protini inayosimamia takribani kila jeni muhimu ya chembe nyekundu, na kuizuia isifanye kazi. Kwa hiyo seli ina amri ya kuongezeka, na msimamizi wa kukomaa amefungwa mikono. DMSO inapoingia, PU.1 inashuka na GATA1 inaachiwa. Mvutano huo wa PU.1 na GATA1 upo pia katika uboho wenye afya, pale seli changa inapochagua iwe ya nyeupe au ya nyekundu. Mwambie mwenzako hivyo: ugonjwa umekwamisha mashine, na kwa kutazama ilipokwama tumejua inavyozunguka.

Habari hiyo ina mkia mrefu. Waliotafuta vitu vyenye nguvu kuliko DMSO walifika kwenye kemikali iitwayo HMBA mwaka 1976, na kutoka kwenye umbo lake wakatengeneza vorinostati, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa aina moja ya limfoma ya ngozi. Dawa ya saratani ya ngozi ina babu yake kwenye seli za damu ya panya.

Sasa zako. K562 zilitoka kwenye maji ya kifuani ya mwanamke wa miaka 53 mwenye leukemia sugu ya mieloidi iliyokuwa imefika hatua yake kali ya mwisho. Carmen Lozzio na Bismarck Lozzio walizieleza mwaka 1975. Mwanzoni zilihesabiwa ni za upande wa chembe nyeupe. Mwaka 1979 ikaonekana zina glaikoforini A juu ya utando wao, alama ya njia ya chembe nyekundu, na mwaka huo huo Rutherford, Clegg na Weatherall wakaonyesha kwamba ukizipa hemini zinatengeneza hemoglobini ya kiinitete. Tangu hapo zimekuwa kama daftari la pamoja la dunia nzima. Mradi wa ENCODE, uliochora ramani ya swichi za jeni za binadamu, uliziweka katika kundi la kwanza kabisa la seli za kuchunguzwa, kwa hiyo protini nyingi zinazoshika DNA ndani ya K562 unaweza kuzitafuta kwenye kompyuta kabla hujagusa pipeti. Hiyo ni faida ambayo seli za uboho za mtu yeyote hazitakupa.

Lakini zitazame kwa jicho kavu. Zina kromosomu ya Philadelphia, yaani vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 vimebadilishana mahali na kuzaa jeni ya BCR-ABL, injini isiyozimika ya kuzigawanya seli. Zina karibu seti tatu za kromosomu badala ya mbili. Protini ya p53, askari anayesimamisha seli iliyoharibika, hazina. Na hazijajifunga kwenye njia moja: ukizipa kemikali iitwayo PMA zinaelekea upande wa seli mama za chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ukizipa hemini zinaelekea upande wa nyekundu. Kiambata chako kikizua mabadiliko, usikimbilie kusema zimekomaa kuelekea nyekundu mpaka uangalie alama za upande wa pili pia.

Tufike kwenye kiini cha swali lako. Jeni za globini, protini zinazojenga hemoglobini, zimepangwa katika makundi mawili: zeta na alfa kwenye kromosomu ya 16; epsiloni, gama, delta na beta kwenye kromosomu ya 11. Kiinitete huanza na zeta na epsiloni, kijusi hutumia alfa na gama, na baada ya kuzaliwa gama hufifia, beta ikachukua nafasi. Mgonjwa wa selimundu ana hitilafu kwenye beta. Ndiyo maana tunaitamani gama: akibaki nayo ya kutosha, chembe zake hazipindiki kwa urahisi.

Kwa mtu mzima gama imefungwa, na mojawapo ya makufuli makubwa ni protini ya BCL11A. Dawa unayoiota ni ile inayofungua mlango uliofungwa. Sasa angalia kilichomo ndani ya K562: zeta inafanya kazi, epsiloni inafanya kazi, gama inafanya kazi, na beta karibu iko kimya kabisa. Hemoglobini zake ni Gower 1 na Portland, za kiinitete, pamoja na kiasi cha ile ya kijusi. Mlango wa gama haujafungwa humo. Kiambata chako kikiongeza gama, umeona mlango uliokuwa wazi ukipanuliwa. Kwamba kingeweza kufungua uliofungwa, hujaona, na K562 haina namna ya kukuonyesha.

Tatizo la pili ni kwamba K562 hupata hemoglobini kwa kusukumwa na mambo mengi mno. Dawa na kemikali kama sitarabini, haidroksiyurea, asidi ya butiriki na imatinibu, zote huziongezea rangi. Kadhaa kati ya hizo ni sumu za seli zinazogawanyika. Seli iliyobanwa isigawanyike mara nyingi hujirudia kwenye kazi ya asili, kwa hiyo sumu ya wastani inaweza kujitokeza mbele yako imevaa joho la dawa. Ni kweli kwamba haidroksiyurea hutibu selimundu na huongeza hemoglobini ya kijusi kwa wagonjwa wengi, lakini usigeuze mfano huo kuwa kanuni. Kila namba ya seli zenye rangi iandamane na namba ya seli hai. Ukikuta asilimia ya zenye rangi imepanda mara tatu na idadi ya seli hai imeshuka mara tano, unajua unatazama nini.

Kuhusu hemini na zile seli zisizopata rangi: hilo si kosa la mkono wako. Mwitikio hauko sawa ndani ya chupa moja, na K562 za maabara mbili zinaweza kutofautiana sana kwa sababu kila moja imezilea kivyake kwa miaka. Hemini yenyewe haizipeleki seli mbali. Mwaka 1981 ilionyeshwa kwamba ukiiondoa, seli zinaacha kukusanya hemoglobini na kurudi zilivyokuwa, tena muda wote zinaendelea kugawanyika. Linganisha na MEL, ambazo zikishaamua haziwezi kurudi. Na usisahau hemini ni nini: ndiyo kile kipande chenye chuma kilichomo ndani ya hemoglobini. Ikiingia, protini ya BACH1 inayobana jeni kadhaa za njia ya chembe nyekundu huondolewa. Umeipa karakana sehemu ya bidhaa yenyewe, ukashangaa karakana imechangamka. Kama kipimo cha kulinganishia inafaa. Kama mfano wa kukomaa, haifai.

Hapa nikuonyeshe jambo dogo lililowahi kuniaibisha. Nilikuwa ninatumia benzidini: seli zenye hemoglobini, zikikutana na benzidini na haidrojeni peroksaidi, zinageuka bluu chini ya hadubini. Siku moja visima vyote vya hemini, yaani vijishimo vya sahani ya majaribio, vilitoka na bluu ya kupendeza, karibu kila seli. Nikaandika asilimia tisini na ushee, nikalala kwa furaha. Asubuhi nikarudia nikiwa nimeziosha seli mara tatu kwa maji ya chumvi yenye bafa, zikabaki kama theluthi. Ile bluu nyingine ilikuwa hemini iliyoganda juu ya seli, na hasa ndani ya seli zilizokufa ambazo hunywa chochote kilichopo. Benzidini haijui tofauti kati ya hemoglobini na hemini tupu. Tangu siku hiyo nina mazoea: nikizungusha neli, ninatazama mashapo kwanza kwa macho. Seli zisizotibiwa huwa na rangi ya maziwa. Zenye hemoglobini ya kweli, baada ya kuoshwa, hubaki na wekundu hafifu wa waridi. Mashapo ya kahawia chafu yananiambia nioshe tena.

Kwako wewe mtego ni mpana zaidi, kwa kuwa unafanya kazi na mmea. Majani yana vimeng'enya vya peroksidesi vinavyoweza kuigeuza benzidini bluu bila hemoglobini yoyote, na yana viambata vinavyozuia uoksidishaji ambavyo vinaweza kuififisha bluu iliyo halali. Jibu linaweza kupotoka juu au chini. Weka kisima chenye kiambata chako pekee, bila seli, kisha fuata hatua zile zile. Vaa glavu na ufanyie kazi hiyo chini ya kivuta hewa, maana benzidini yenyewe husababisha saratani. Mwishowe usitegemee rangi: pima RNA, yaani nakala inayosomwa kutoka kwenye jeni, ya gama, epsiloni, zeta na alfa kila moja peke yake. Zikipanda zote kwa pamoja, umesukuma njia nzima ya chembe nyekundu. Ikipanda gama peke yake, hapo pana jambo la kufuatilia.

Koo nyingine nitazipitia haraka. HEL ya mwaka 1982 ina badiliko la jeni liitwalo JAK2 V617F, kwa hiyo njia ya ishara ya erithropoietini inawaka humo bila homoni. Nzuri kwa anayesoma njia hiyo, mbaya kwa anayetaka kuona homoni ikifanya kazi. TF-1 ya mwaka 1989 inategemea vichocheo vya ukuaji ili iishi, na huitikia erithropoietini, kwa hiyo ni bora kuliko K562 ukitaka kupima mwitikio wa homoni. UT-7 nayo ni ya kundi hilo. Hakuna hata moja inayofika mwisho wa safari. Kukitupa kiini, kusafisha mitokondria, kuupanga utando upate umbo la kisahani kilichobonyea katikati: hayo ni masomo ya darasa la saba, na wanafunzi hawa walikomea la nne.

Kwa swali lako hasa, ukoo ulio karibu zaidi si wa leukemia. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya RIKEN, Japani, walieleza seli za HUDEP zilizotokana na damu ya kitovu, zilizopewa jeni za E6 na E7 za kirusi cha papiloma aina ya 16 ambazo huwashwa kwa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Doksisaiklini ikiwepo, seli zinagawanyika, ikiondolewa, zinakomaa. HUDEP-2 hutengeneza zaidi hemoglobini ya mtu mzima, gama yake ikiwa imefungwa. Umeona tofauti? Mlango umefungwa, na kufuli lipo. Mwaka 2015 seli hizo hizo ndizo zilizotumika kukata kipande baada ya kipande cha swichi inayoiwasha BCL11A hadi mahali dhaifu pakajulikana, na mahali hapo ndipo panapokatwa na Casgevy, tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 kwa wagonjwa wa selimundu. Kazi hiyo isingewezekana kwa K562, hata kwa bajeti isiyo na kikomo. Mwaka 2017 ukaja pia ukoo wa BEL-A wa Bristol, Uingereza, uliotokana na uboho wa mtu mzima. Sehemu ya seli zake hutupa kiini, jambo lililowafurahisha wanaochunguza jinsi vimelea vya malaria vinavyoingia kwenye chembe changa.

Je, uziache K562? La. Ni rahisi kulea, hazidai vichocheo vya gharama, hugawanyika takribani kila siku moja, na zitakusaidia kuchuja. Kama una sehemu ishirini za kiambata chako, K562 zitakuambia zipi ni sumu tupu na zipi zinagusa jeni za globini kwa kiwango kisichoua. Mbili au tatu zitakazobaki ndizo uzipeleke kwenye HUDEP-2, au kwenye seli shina za damu zenye alama ya CD34 za watu wazima zinazolelewa wiki mbili tatu pamoja na erithropoietini. Msimamizi wako akiwa hana seli hizo, omba ushirikiano na maabara iliyonazo. Maabara ya watu hukubali kupima viambata vitatu, ishirini watakunyima.

Na kwenye tasnifu yako, sentensi ya K562 iishie kwenye K562. Andika kwamba kiambata kimeongeza RNA ya gama katika seli hizi kwa kiasi fulani, seli hai zikiwa kiasi fulani. Usiandike kwamba kinarudisha hemoglobini ya kijusi. Mtahini anayezijua seli hizi atalikuta neno hilo kwenye ukurasa wa kwanza, na mahojiano yako yote yataishia hapo.

Kabla hujarudia jaribio, hakikisha seli zako ni K562 kweli kwa kupima alama zake za DNA, na kwamba hazina maikoplasma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara. Zisilundikane zaidi ya milioni moja kwa mililita, kwa sababu msongamano huzibadilisha tabia. Halafu uniandikie, na uniambie kiambata umekiyeyusha kwa kiyeyusho gani. Kama ni DMSO, weka chupa yenye DMSO peke yake kwa kiwango kile kile. K562 haziitikii kiyeyusho hicho kama MEL zinavyoitikia, lakini hicho ndicho kilichogeuza mashapo kuwa mekundu mwaka 1971, na mtahini atakuuliza.